Umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai?

Agosti 2022 nilikuwa nyumbani Sengerema. Kama ulikuwa Tanzania unaikumbuka ile wiki: redio kila saa ni sensa, mabango kila kona yanakwambia ujiandae kuhesabiwa, na tarehe 23 yenyewe ikawa siku ya mapumziko. Kwetu karani alifika siku ya tatu, asubuhi, kijana mpole mwenye kishikwambi. Mama mdogo alikuwa anaanika michembe. Akamtolea kigoda, wakaamkiana, maswali yakaanza.

Majina, umri, elimu, kazi, paa la nyumba, choo, simu. Yote yakaenda vizuri. Halafu kijana akashusha sauti kidogo.

"Mama, watoto wote uliowahi kuwazaa wakiwa hai ni wangapi?"

"Watano."

"Wanaoishi hapa?"

"Watatu. Wawili wako Mwanza."

"Na waliofariki?"

"Hakuna."

Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango na nikanyamaza, maana nilikuwa najua wa sita. Alikuwa wa kike, mzaliwa wa kwanza wa mama mdogo. Aliishi wiki tatu. Nilikuwa na miaka saba, na nakumbuka wanaume wawili wakichimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Karani alipoondoka nikamuuliza taratibu: "Mama mdogo, na yule wa kwanza?" Hakukasirika. Aliendelea kugeuza michembe yake, akasema: "Yule hakukaa. Hawa si wanahesabu watu? Kaburi nalo ni mtu?"

Ukilifikiria, jibu lake lina mantiki kabisa. Sensa ni kuhesabu watu waliopo, sasa aliyekufa anaingiaje? Leo nataka nikueleze anaingiaje. Ukweli ni kwamba swali lile dogo ni moja ya maswali yenye kazi kubwa kuliko yote kwenye dodoso la sensa, na namna ya kulifanyia hesabu ilianza kufikiriwa hapa hapa Afrika Mashariki. Aliyeifikiria alikuwa mtaalamu wa demografia, yaani elimu ya idadi ya watu, aitwaye William Brass. Wenzake walimwita Bill. Hesabu aliyoanza kuichezea Nairobi ilimpeleka Princeton, Addis Ababa, Santiago na London, na bado inatumika.

Kifo kisicho na karatasi

Tuanze na tatizo. Tuseme wewe ni mganga mkuu wa wilaya, na unataka kujua kitu kimoja tu: katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa kwenye wilaya yako, wangapi wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano?

Unahitaji namba mbili: waliozaliwa na waliokufa. Ukiwa Sweden kazi ni rahisi, maana kule makanisa yalishaanza kupeleka takwimu za vizazi na vifo serikalini tangu 1749. Unafungua daftari, unagawanya, umemaliza.

Ukiwa Tanzania, daftari lina mashimo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa ni takriban mmoja kati ya wanne. Hao ni walio hai, ambao wazazi wao watakuja kuhitaji cheti siku ya kuandikisha shule. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, akaishi wiki tatu, akazikwa jioni hiyo hiyo na majirani, nani atapanda gari kwenda mjini kumtafutia karatasi mbili, moja ya kuzaliwa na moja ya kufa? Hakuna. Ninavyojua mimi yule binamu yangu hana karatasi hata moja.

Unaweza kusema, basi tuhesabu hospitali. Lakini wanaofika hospitali si wote, na wanaokufa bila kufika ndio hasa unaowatafuta. Ukihesabu wodini peke yake, kijiji kilicho mbali zaidi na hospitali kitaonekana ndicho salama kuliko vyote, kwa kuwa hakuna maiti yake inayopita kwenye rejista. Namba ya namna hiyo inadanganya, tena upande mbaya: dawa na manesi wataenda kwingine.

Kijana wa Edinburgh anafika Nairobi

Bill Brass alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1921. Alisoma hisabati kwenye chuo kikuu cha mji huo, vita vikamkatiza, akafanya kazi za kisayansi za jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipokwisha alirudi kumaliza masomo, na mwaka 1948 akapata kazi kwenye Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Idara hiyo ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja.

Alifika mwaka wa moto. Agosti 1948 ndipo watu wa nchi hizi tatu walipohesabiwa kwa sensa moja iliyopangwa kitaalamu. Kabla ya hapo, "idadi ya watu" ya makoloni mara nyingi ilikuwa ni kodi ya kichwa au ya nyumba ikizidishwa na makadirio ya afisa. Tanganyika ilipatikana na watu kama milioni saba na nusu. Kwa kulinganisha, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na Mkoa wa Mwanza peke yake 3,699,872.

Tusijidanganye kuhusu sensa ile. Ilikuwa ya mkoloni, aliyetaka kujua nguvu kazi yake na walipa kodi wake, na watu walikuwa na kila sababu ya kuogopa mtu mwenye daftari. Wengi pia hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Ulikuwa unazaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka wa nzige, basi. Kwa hiyo makarani waliandika makundi mapana tu ya umri. Kwa mwanahisabati aliyezoea data safi, hii ni balaa.

Lakini ndani ya balaa hiyo kulikuwa na kitu. Wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi, na wangapi bado wako hai. Majibu yalikuwa yamekaa kwenye makaratasi, na wengi waliyaona ni ya kudokeza tu, hayawezi kukupa kiwango halisi cha vifo. Huwezi kusema "asilimia 20 ya watoto wa wanawake hawa wamekufa" ukaishia hapo, kwa sababu hujui walikufa wakiwa na umri gani, wala lini.

Brass alikaa na tatizo hilo. Mwaka 1953, akiwa bado Nairobi, alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu namna ya kupata viwango vya uzazi kutoka kwenye data pungufu za aina hii. Upande wa vifo vya watoto ulikuja kukomaa miaka iliyofuata.

Mama ni daftari linalotembea

Wazo lake ukilisikia utasema "mbona rahisi", na kwa kweli ni rahisi, baada ya mtu mwingine kulifikiria.

Huna umri wa mtoto aliyekufa, wala tarehe. Lakini una umri wa mama. Na umri wa mama unakuambia watoto wake wamekuwa duniani kwa muda gani, kwa wastani.

Chukua msichana wa miaka 22. Kama ana mtoto, huyo mtoto hajazaliwa zamani. Watoto wa wanawake wa miaka 20 hadi 24, ukiwachukua wote kwa pamoja, kwa wastani wangekuwa na umri wa miaka miwili hivi. Wengine wana miezi, wengine minne, lakini wastani uko hapo. Kwa hiyo ukiuliza ni asilimia ngapi ya watoto wao wamekufa, umeuliza kitu kinachokaribiana sana na hiki: uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kufikisha miaka miwili ni kiasi gani?

Ukipanda umri wa mama, unapanda umri wa mtoto. Wanawake wa 25 hadi 29 wanakupa vifo vya kabla ya miaka mitatu. Wa 30 hadi 34 wanakupa vifo vya kabla ya miaka mitano. Hiyo ya mwisho ndiyo namba ambayo mganga mkuu wetu alikuwa anaitafuta.

Tufanye kwa namba. Hii ni kata ya kubuni, niiite Mwaloni, na namba zake nimezitunga ili hesabu itoke vizuri:

Wanawake 300 wa miaka 20–24 wamezaa watoto 450, na 45 wamekufa. Hiyo ni asilimia 10.

Wanawake 250 wa miaka 25–29 wamezaa watoto 700, na 84 wamekufa. Asilimia 12.

Wanawake 200 wa miaka 30–34 wamezaa watoto 840, na 126 wamekufa. Asilimia 15.

Soma sasa. Mwaloni, katika watoto 1,000, kama 100 hufa kabla ya miaka miwili, 120 kabla ya mitatu, na 150 kabla ya mitano. Hakuna aliyefungua rejista wala kuuliza tarehe, na jibu tunalo.

Kuna marekebisho kidogo. Kama wasichana wa Mwaloni wanaanza kuzaa mapema sana, basi watoto wa wanawake wa 20–24 ni wakubwa kuliko tulivyodhani, wamekaa duniani muda mrefu zaidi na kupita hatari nyingi zaidi. Inabidi ile asilimia ishushwe kidogo. Wakianza kuchelewa, inapandishwa. Brass alitengeneza majedwali ya vizidishio vya kufanya kazi hiyo. Unajuaje wanaanza mapema au wanachelewa? Kwa swali lile lile la kwanza. Unagawanya wastani wa watoto wa wasichana wa 15–19 kwa wastani wa watoto wa wale wa 20–24, uwiano unakupa kizidishio. Mara nyingi kinakuwa karibu na moja, yaani jibu ghafi halikuwa mbali na ukweli.

Na kuna zawadi ya ziada, ambayo wataalamu waliomfuata Brass waliiendeleza. Mama kijana anakusimulia vifo vya juzi juzi. Mama wa miaka 40 anakusimulia vya muda mrefu uliopita. Ukiwapanga kwa umri, sensa ya siku moja inakupa historia ya miaka kumi na tano nyuma, kama vile kusoma pete za mti uliokatwa.

Kutoka Nairobi kwenda kila mahali

Brass aliondoka Nairobi mwaka 1955, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen. Lakini Afrika ilimfuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliungana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kwenye mradi wa kukusanya data zote za sensa na tafiti za Afrika na kuona kama zinaweza kusema kitu cha kuaminika. Kitabu chao kikubwa juu ya demografia ya Afrika ya kitropiki kilitoka 1968, na jina la Brass ndilo lililotangulia.

Zingatia tarehe. Nchi zilikuwa zinapata uhuru mmoja baada ya mwingine, na kila serikali mpya ilikuwa inataka kujua ina watu wangapi, shule ngapi zinahitajika, watoto wanakufa kiasi gani. Desemba 1964 Umoja wa Mataifa ulifanya semina ya takwimu za vizazi na vifo Addis Ababa, na Brass akawasilisha njia yake pale: namna ya kutumia sensa au sampuli kupata viwango hivyo bila rejista. Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza baada ya uhuru na Muungano mwaka 1967, halafu 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Mwaka 1965 alihamia London, kwenye chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya nchi za joto, ambako alikaa hadi alipostaafu 1988. Makala zake zilitafsiriwa Kihispania na kuchapishwa Santiago, Chile, mwaka 1974, kwa sababu Amerika ya Kusini nako rejista zilikuwa na mashimo kama zetu. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ukatoa kitabu cha mwongozo wa mbinu hizi, na kikakaa kwenye meza za ofisi za takwimu duniani. Kuanzia 1985 hadi 1989 Brass alikuwa rais wa muungano wa kimataifa wa wanasayansi wa idadi ya watu. Alifariki Novemba 1999.

Njiani alizaa na mbinu nyingine. Ile ya kuuliza kila mtu "mama yako mzazi yuko hai? na baba?" pia ni yake, pamoja na Kenneth Hill, mwaka 1973. Kanuni ni ile ile, imegeuzwa tu. Umri wa mtoto unakuambia mama ameishi miaka mingapi tangu amzae, hivyo asilimia ya yatima inageuka kuwa kiwango cha vifo vya watu wazima. Ukiulizwa swali la wazazi kwenye sensa ukashangaa linawahusu nini, linawahusu hicho.

Kitu kimoja huwa kinanijia nikisoma wasifu wake. Duniani inaitwa "mbinu ya Brass", na ni haki yake. Lakini malighafi yake ya kwanza ilikuwa majibu ya wanawake wa Kenya, Uganda na Tanganyika, walioulizwa juu ya watoto wao waliokufa na mtu waliyekuwa na sababu ya kumwogopa, na bado wakajibu. Hao hakuna anayewataja. Nimeona niwataje.

Je, mama mdogo aliharibu hesabu?

Sasa turudi kwenye michembe. Kama mbinu nzima inategemea mama kusema ukweli, na mama mdogo wangu alisema "hakuna", si imekufa?

Haijafa, ila imejeruhiwa. Mama mdogo si wa kwanza. Wanademografia wanajua tangu zamani kwamba anayesahaulika zaidi ni mtoto aliyekufa mdogo sana, na aliyekufa zamani. Wengine hawasemi kwa uchungu. Wengine waliambiwa tangu utotoni kwamba kuhesabu watoto ni kuita balaa. Wengine, kama yeye, wanaona tu kwamba hilo halimhusu karani. Na wengine wanajibiwa na mume au mkwe, mwenyewe akiwa shambani, na huyo hajui kila kitu.

Kuna namna ya kunusa makosa hayo. Wastani wa watoto waliozaliwa unatakiwa upande kadiri umri wa mama unavyopanda, kwa kuwa huwezi kupunguza idadi uliyokwisha kuzaa. Ukiona wanawake wa 45–49 wanataja watoto wachache kuliko wa 40–44, mara nyingi kumbukumbu inavuja. Asilimia ya waliokufa nayo inatakiwa ipande na umri wa mama. Ukiona inashuka kwa wanawake wakubwa, kuna makaburi yamerukwa. Ndiyo maana mtaalamu anaegemea zaidi majibu ya wanawake wa 20 hadi 34 kwa vifo vya watoto. Mama mdogo alikuwa na miaka 42, kwa hiyo kosa lake lina madhara kidogo kuliko la binti wa miaka 25 aliyefanya vile vile.

Umbo la dodoso pia linasaidia. Karani hakuuliza tu "una watoto wangapi?" Aliuliza wanaoishi hapa, wanaoishi kwingine, na waliofariki, kila kundi peke yake. Ile hatua ya tatu imewekwa makusudi, ili mama apewe nafasi ya kukumbuka. Wakati mwingine inafanikiwa, wakati mwingine inakutana na mtu kama mama mdogo.

Mbinu inakutana na UKIMWI

Jeraha kubwa zaidi lilitoka sehemu ambayo Brass hakuitarajia alipokuwa Nairobi.

Hesabu yake ina sharti moja la kimya kimya: kwamba kufa kwa mtoto hakuhusiani na kufa kwa mama. Karani anahoji walio hai tu. Mama aliyekufa hajibu, na watoto wake hawaingii kwenye hesabu, si waliozaliwa wala waliokufa. Kama akina mama waliokufa walikuwa na watoto wenye bahati sawa na wengine, hakuna shida. UKIMWI ulivunja sharti hilo. Ugonjwa ule ule ulimwondoa mama na mara nyingi mtoto aliyemwambukiza wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Kwa hiyo familia zilizoumia zaidi ndizo zilizotoweka kabisa kwenye majibu, na vifo vikaonekana vichache kuliko vilivyokuwa.

Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, jirani zetu hapa ng'ambo ya ziwa. Kupima ukubwa wa tatizo, kuuliza mara moja kila miaka kumi hakutoshi. Unahitaji kijiji unachokitembelea tena na tena, ili mama akifa wewe uwe tayari umeshamwandika.

Kijiji hicho kipo, tena si mbali. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, kama kilomita 20, unafika Kisesa, wilaya ya Magu. Tangu 1994 kata hiyo imekuwa ikifuatiliwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wakianzia kwenye mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi. Wahojaji wanapita kaya kwa kaya, mzunguko baada ya mzunguko: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na kwa dalili gani.

Na hapa ndipo darasa la Brass linaporudi nyumbani. Mmoja wa waliofanya kazi miaka mingi na data za Kisesa alikuwa marehemu Basia Zaba, profesa kwenye chuo kile kile cha London ambako Brass alifundisha. Mwaka 1979 Zaba alikuwa ameshachapisha makala ya kupanua mfumo wa Brass wa majedwali ya uhai, yale yanayoonyesha katika watoto 1,000 waliozaliwa wangapi wanabaki katika kila umri. UKIMWI ulipokuja, alichukua zana za mwalimu na kuuliza zimeharibika wapi. Mwaka 1998, pamoja na Simon Gregson, alionyesha kwamba Afrika wanawake wenye VVU walikuwa wanazaa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 25 hadi 40 kuliko wasio na VVU. Maana yake ukipima VVU kwenye kliniki ya wajawazito peke yake, unawakosa wengi. Mwaka 2008, na Patrick Ward, alichapisha kazi juu ya swali letu hili hasa: VVU vinapotosha kiasi gani hesabu ya watoto waliozaliwa na walio hai. Kuanzia 2005 alisaidia kuunganisha Kisesa na vituo vingine vya aina yake, kama Rakai na Masaka za Uganda, Karonga ya Malawi na Manicaland ya Zimbabwe, ili data zisomwe kwa pamoja.

Mwaka 2013 muungano ule ambao Brass aliwahi kuuongoza ulitoa mwongozo mpya wa mbinu hizi, na Zaba ni mmoja wa waandishi wake. Maswali mawili yamo bado, pamoja na maelekezo ya kufanya pale UKIMWI unapoingilia.

Kwa hiyo ukiulizwa

Leo Tanzania ina tafiti za kitaifa ambazo mhoji anakaa na mama na kuorodhesha kila mtoto, kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. Kwa tafiti hizo tunajua kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2004–05, vikawa 67 mwaka 2015–16, na 43 mwaka 2022. Ni mafanikio makubwa, na chanzo chake bado ni kile kile: mama aliyekubali kukumbuka. Lakini tafiti hizo ni za sampuli. Hazishuki hadi kwenye kata yako. Sensa inashuka.

Na njia ya kudumu ni daftari lenyewe. RITA ina mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Kama una mtoto nyumbani hana cheti, nenda. Siku daftari likijaa, mbinu ya Brass itastaafu, na nadhani mwenyewe angefurahi.

Hadi hapo, sensa ijayo ikija na karani akashusha sauti, kumbuka mambo mawili. Mtoto aliyezaliwa akalia, hata kama aliishi dakika chache, anahesabiwa kuwa alizaliwa hai. Na anayepaswa kujibu ni mama mwenyewe. Mume au shemeji akijibu kwa niaba yake, mtoto wa namna hiyo ndiye wa kwanza kupotea.

Mwaka jana nilirudi Sengerema, safari hii kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Jioni nikamweleza mama mdogo haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wakija tena wataandika jina lake?"

"Hapana, mama mdogo. Wanaandika namba tu."

Akafikiri kidogo.

"Namba tu?"

"Namba tu."

"Haya," akasema. "Nitawaambia waandike sita."